Wati 1,000 za upepo gani? Hesabu itangulie mashine hapa Likasi

LIKASI – Mtu akifika kwenye kambi ya wahami au kwenye mtaa usio na umeme, mkononi karatasi yenye picha ya mashine ya upepo, neno lake la kwanza ni kwamba upepo ni bure. La pili ni nguvu ya mashine: wati 1,000, au 2,000, au 5,000. La tatu ni mchango. Katikati ya neno la pili na la tatu kuna neno ambalo halisemwi, na ndilo lilistahili kutangulia: hizo wati 1,000 ni za upepo gani?

Jibu lipo. Karibu kila mara limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya karatasi: mita 11 au mita 12 kwa sekunde. Mita 12 kwa sekunde ni kilometa 43 kwa saa. Huo ni upepo ambao mwavuli unakushinda mkononi na nguo zinang'oka kwenye kamba. Wakaaji wa Likasi wanaufahamu. Ni ule unaotangulia mvua za kwanza baada ya joto la mwezi wa kumi, unaoinua vumbi lote la njia, unapiga mabati kwa dakika chache, kisha mvua inashuka na wenyewe unakwisha. Hakuna mama wa Kikula, Panda au Shituru atakayesema kwamba upepo huo unavuma saa moja jioni hadi saa tatu kila siku, wakati watoto wanataka mwangaza wa kusomea.

Maneno haya hayapingi upepo. Yanapinga namba 12. Namba hiyo imetoka mbali, inaingia katika mradi wa watu maskini bila kuulizwa kitambulisho, na ikishaingia inageuka kuwa deni.

Msikilizaji aanze na jambo moja ambalo wauzaji wanalijua na hawalitaji. Upepo ukipungua nusu, nguvu yake haipungui nusu. Inabaki sehemu moja tu ya 8. Sababu yake si ya kichawi. Upepo wa polepole unaleta hewa kidogo kwenye mabawa kwa kila sekunde, na hiyo hewa kidogo inayofika nayo inasukuma kwa nguvu kidogo kuliko ile ya upepo mkali. Hasara inaingia mara mbili, tena mara ya pili inaingia kwa mraba. Kwa hiyo mtu akichukua upepo wa mita 4 kwa sekunde, yaani theluthi ya 12, hapati theluthi ya wati 1,000. Anapata 1,000 ugawe kwa 27. Ni wati 37. Mita 3 kwa sekunde: wati 16, taa mbili ndogo.

Hapa ndipo mwenye karatasi husema: lakini mashine yetu ni ya kisasa, ina mwendo unaobadilika na sumaku za kudumu. Maneno mazuri. Na ni kweli pia, kwa hiyo yafafanuliwe vizuri ili yasitumiwe kama uganga.

Mashine za zamani zilizunguka kwa mwendo mmoja tu, upepo uwe mkali au mdogo, kwa sababu jenereta yao ilifungwa moja kwa moja kwenye umeme wa mji. Bawa lina tabia yake: linavuna vizuri zaidi pale ncha yake inapokimbia mara 7 au 8 ya mwendo wa upepo wenyewe. Mashine ya mwendo mmoja inafikia hali hiyo kwa upepo wa aina moja tu. Ile ya mwendo unaobadilika inaufuata upepo: ukipungua inapunguza, ukiongezeka inaongeza, ili ule uwiano wa 7 au 8 usipotee. Kwa ndani, jenereta haina haja ya kupewa umeme kwanza ili itengeneze sumaku, maana sumaku zimebandikwa kwenye rota tangu kiwandani. Tena zikiwa nyingi, mashine inaweza kufanya kazi bila sanduku la gia, ambalo ni mojawapo ya vitu vinavyosumbua sana kwenye mashine za upepo. Kinachotoka lakini si umeme wa kuchomeka radio. Jenereta yenye jozi 8 za sumaku, ikizunguka mara 375 kwa dakika, inatoa umeme wa hezi 50 kama wa SNEL. Upepo ukishuka na mzunguko ukawa 300, zinabaki hezi 40, na volti nazo zinashuka. Kwa hiyo umeme wote unapitishwa kwanza kwenye kifaa cha kuunyoosha uwe wa njia moja kama wa batri, ndipo inveta inaugeuza tena kuwa wa nyumbani.

Ni ufundi wa kweli. Lakini ufundi huo wote unavuna kilichomo ndani ya upepo. Hauongezi kitu. Mjerumani Albert Betz alionyesha karne moja iliyopita kwamba hakuna mashine ya mabawa, hata ingejengwa na malaika, inayoweza kuchukua zaidi ya 59 kwa mia ya nguvu ya upepo unaopita ndani yake. Mashine nzuri inafika 40 na kidogo. Ndogo inafika chini ya hapo. Mtu akiambiwa kwamba sumaku za kudumu ndizo zitakazofidia upepo hafifu, ni sawa na kuambiwa kwamba sufuria mpya itafidia ukosefu wa unga wa bukari.

Mainjinia wana njia ya kujua haya yote kabla ya kuchimba shimo hata moja la mlingoti. Wanaiandika mashine kwa hesabu ndani ya kompyuta: upepo, mabawa, mhimili, jenereta, kifaa cha kunyoosha umeme, batri, na mwishoni taa na simu za watu. Kila kipande kina mlinganyo wake. Kwa jenereta wanaandika upinzani wa waya zake, nguvu ya sumaku zake na idadi ya jozi. Kwa usimamizi wanaandika sheria inayoamua jenereta ishike rota kwa nguvu kiasi gani. Sheria iliyozoeleka inasema mshiko uongezeke kwa mraba wa mwendo, na hapo mashine inajitafutia yenyewe mahali pake pazuri bila hata kipima upepo. Hesabu ya namna hiyo ni kazi ya siku chache kwa kijana aliyesoma vizuri. Gharama yake ni ndogo kuliko mlingoti.

Shida ni kile kinachoingizwa mwanzoni. Anayefungua Simulink, programu inayotumiwa na wanafunzi wa uinjinia duniani kote, anakuta kipande cha mashine ya upepo kiko tayari. Ndani yake kuna uwiano wa 8.1 na uvunaji wa 48 kwa mia. Na upepo wa msingi umeshaandikwa: mita 12 kwa sekunde. Aliyeitengeneza hakukosea, maana alihitaji namba yoyote ya kuanzia na alitegemea kwamba mtumiaji ataweka ya kwake. Asipoiweka, mwanafunzi anapandisha upepo kutoka 8 hadi 12 ili mchoro upendeze, volti zinatulia, hezi zinatulia, kila kitu kinatulia, na kazi inapata alama nzuri. Kwa mtihani hakuna ubaya. Ubaya unakuja mchoro uleule ukitolewa darasani, ukafungwa kwenye jalada la mradi, na kuonyeshwa kwa familia zilizokimbia kutoka upande wa Mitwaba au Pweto kama uthibitisho kwamba umeme unakuja. Upepo ulio ndani ya ule mchoro haujawahi kukanyaga Haut-Katanga.

Basi hesabu ya haki inafanywaje? Ifanywe hapa hapa, mbele ya msikilizaji, kwa mfano wa upepo wa wastani wa mita 4 kwa sekunde kwenye urefu wa mlingoti. Ni mfano, si kipimo, na nchi iliyokaa karibu na ikweta kama Kongo haiko kwenye njia ya pepo kali za dunia.

Kwanza, mtetezi wa upepo apewe haki yake. Wastani wa mita 4 haumaanishi mita 4 muda wote. Kuna saa za 2 na saa za 7, na kwa sababu ya ule mchemraba, saa chache za 7 zinaleta nguvu nyingi. Upepo unapotawanyika kama unavyotawanyika sehemu nyingi, nguvu ya wastani inakuwa karibu mara 1.9 ya ile ya mita 4 tupu. Kwa hiyo zile wati 37 zinapanda hadi 70 hivi. Anayekataa hatua hii anadanganya upande wa pili, na mdanganyifu wa upande wa pili hafai pia.

Kisha yaondolewe yanayopasa kuondolewa. Likasi iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au ya Matadi. Karatasi ya kiwanda inahesabu hewa ya pwani. Sehemu moja ya 8 inakwenda hapo. Zimebaki wati 60. Kifaa cha kunyoosha umeme kinakula chake, batri inakula chake, inveta inakula chake: robo nzima inaweza kupotea njiani. Zinabaki chini ya 50. Kwa saa 24 ni kilowati-saa moja na kidogo. Karatasi, kwa mtu anayeisoma bila uzoefu, ilikuwa imeahidi 24.

Na hizo hazitoki kwa utaratibu. Jenereta ya sumaku za kudumu ina mshiko wa asili: sumaku zinavutana na chuma cha ndani hata pale ambapo hakuna umeme unaotumika, na rota haianzi mpaka upepo uushinde mshiko huo. Mashine nyingi ndogo zinaanza kwenye mita 3 hivi. Kwa upepo wa mfano huu, zaidi ya saa 8 kati ya 24 mashine imesimama tu, watu wanaitazama.

Kilowati-saa moja na kidogo kwa siku. Paneli moja ya jua ya wati 300 hapa Katanga, ikihesabiwa saa 5 za jua kamili na kutolewa hasara zilezile, inafika palepale. Inalazwa juu ya bati. Haina mlingoti wa mita 15 wala kamba za chuma, haina kitu kinachozunguka. Watoto wanaweza kucheza chini yake.

Neno hili la watoto si la kupamba. Kuna sehemu ya hesabu ambayo wauzaji wanairuka kuliko zote, nayo ni siku ya dhoruba. Jenereta yenye sumaku za kudumu haizimiki, kwa sababu hakuna anayeweza kuziambia sumaku zilale. Kinachoizuia isikimbie ni mzigo: umeme unaotumika ndio breki. Batri ikijaa alasiri, waya ukikatika, au fyuzi ikiungua, breki inatoweka, na rota inabaki huru mbele ya upepo. Sasa ule upepo wa kutangulia mvua ukifika mita 24 kwa sekunde, nguvu iliyomo ni mara 8 ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Mabawa yanapiga kelele, jenereta inatoa volti za kuunguza kila kilichofungwa nayo, na bawa likikatika linaruka.

Dawa zipo na zinajulikana. Mkia unaoigeuza mashine pembeni upepo ukizidi. Swichi ya kuunganisha waya zote tatu za jenereta ili ijishike yenyewe, ambayo inapaswa kutumika mapema, kwa sababu mwendo ukishapita kiasi huenda isitoshe na waya za ndani zinaweza kuungua. Waya mzito wa kumeza umeme wa ziada na kuugeuza joto wakati batri imejaa. Lakini dawa hizi zinapimwa ndani ya hesabu, kwa kuiweka mashine ya kompyuta mbele ya dhoruba ya kompyuta na kuona mzunguko unafika wapi. Mradi ambao hesabu yake ina upepo uliotulia tu haujawahi kukutana na mwezi wa kumi na moja wa Likasi. Asiye na hesabu hiyo asisimamishe mlingoti katikati ya mahema ya watu ambao tayari wamepoteza nyumba moja.

Sumaku zenyewe nazo zina mambo. Nyingi za leo ni za neodimi, chuma na boroni. Za daraja la kawaida zinaanza kupoteza nguvu zikivuka nyuzi 80 za joto, na nguvu iliyopotea hairudi kwa kupoa. Ndani ya jenereta iliyofungwa, juani, upepo mkali na mzigo mzito, 80 si mbali. Fundi wa hapa mjini anaweza kusuka upya koili ya alteneta ya gari, na wengi wanafanya vizuri. Kuirudishia sumaku nguvu yake si kazi ya karakana ya mtaani. Kuna sumaku nyingine zinazostahimili joto kali zaidi, za samari na kobalti. Kobalti! Madini yanayotoka kwenye udongo huu, yanayopita kwenye malori mbele ya wahami hawa hawa, ambayo Kongo ni ya kwanza duniani kuyatoa. Yanaondoka kwa tani na yanarudi, yakirudi, kwa gramu ndani ya sanduku lililofungwa, na bei imeandikwa kwa dola.

Sasa wapo watakaosema: mbona Kenya? Mbona Ethiopia? Wako sawa kuuliza. Kando ya Ziwa Turkana kuna mashine 365 za Vestas, kila moja kilowati 850, jumla megawati 310, na Rais Uhuru Kenyatta alizizindua mwezi wa saba 2019. Zinafanya kazi. Lakini Turkana upepo unabanwa kati ya milima na kutoka upande wa pili ukiwa mkali mwaka mzima, wastani wa mita 11 hivi kwa sekunde. Kule, namba 12 ni jirani. Walipima kwanza, ndipo wakaenda jangwani. Na hata kule walipopima upepo vizuri, mambo mengine hayakupimwa: mashine zilikamilika 2017, na laini ya kilometa 400 na zaidi ya kuufikisha umeme Suswa ikaja kukamilika 2018. Mwezi wa kumi 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana bila kufuata sheria, baada ya wafugaji wa Marsabit kushitaki. Familia inayoombwa kutia kidole kwenye karatasi ya kutoa kiwanja kwa ajili ya mlingoti ikumbuke Marsabit.

Ethiopia ina mfano ulio karibu zaidi na mashine inayozungumzwa hapa. Mradi wa Adama wa kwanza, uliokamilika 2012, una mashine 34 za Goldwind za megawati 1.5 kila moja, jumla 51. Hizo ni za sumaku za kudumu, bila sanduku la gia, mwendo unaobadilika. Yaani ni ukoo uleule wa mashine ya kwenye karatasi, ila zile ni kubwa, ziko juu hewani, na ziko kwenye nyanda ambazo upepo wake ulijulikana. Teknolojia haina kosa. Anayeiuza mahali pasipo pake ndiye mwenye kosa.

Karibu zaidi bado, Malawi, kijana William Kamkwamba aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, alijenga mashine yake kwa feni ya trekta, mabomba ya plastiki na dinamo ya baiskeli. Dinamo ya baiskeli ni nini? Ni jenereta ya sumaku ya kudumu, na inazunguka kwa mwendo wowote inaopewa. Ilimwashia taa na kuchaji simu za majirani. Hakumwahidi mtu wati 1,000. Alifunga, akaona, akarekebisha, na gharama ya kujaribu ilikuwa yake mwenyewe. Waliokuja nyuma yake na makaratasi wamechukua sifa ya kijana yule wakaacha adabu yake.

Kwa upepo hafifu kuna kazi moja ambayo mashine ya upepo inaifanya bila aibu: kuvuta maji. Huko Thika, Kenya, kiwanda kilitengeneza kwa miaka mingi pampu za upepo zinazoitwa Kijito, zenye mabawa mengi, zinazozunguka polepole kwa nguvu ya kutosha kuinua maji ya kisima hadi kwenye tangi. Maji yanangoja kwenye tangi. Hayahitaji batri wala hezi 50. Kama kuna mwenye fedha na anapenda sana upepo, kambi nyingi zinahitaji maji kuliko zinavyohitaji inveta.

Kuna jambo la mwisho, na hili linawagusa viongozi kuliko wauzaji. Habari za upepo na jua zinapendwa sana ofisini kwa sababu zinawafanya watu waache kuuliza habari za maji. Likasi haikukaa mbali na umeme. Mto Lufira uliwekewa bwawa la Mwadingusha tangu 1930, likazaa ziwa Tshangalele, na chini yake ikajengwa Koni. Wakoloni waliujenga umeme huo kwa ajili ya viwanda vya shaba, na mpaka leo njia ya waya inaifuata shaba. Mwadingusha ilikarabatiwa kwa fedha za wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, na mitambo yake yote 6 ikarudi kazini 2021, megawati 78. Megawati 78! Kuzipata kwa zile wati 50 za haki zingehitajika mashine za karatasi zaidi ya milioni moja na nusu. Mtaa wa wahami hauhitaji megawati. Unahitaji kabini moja inayofanya kazi, nguzo, waya na jina kwenye orodha ya SNEL. Kiongozi anayepiga picha chini ya mlingoti wa upepo aulizwe kwanza kabini ya mtaa huo imekufa tangu lini, na delestaje inayomgusa mama anayepika kwa makala inaugusa mgodi kwa kiasi gani.

Hata hivyo mtu asizuiwe kujaribu upepo, maana nyanda za juu za Katanga na miezi ya kiangazi, pepo za kusini-mashariki zinapovuma, huenda zina mahali pazuri pa kushangaza. Apime tu. Kipima upepo cha vikombe vitatu na kitunza kumbukumbu kinaweza kufungwa kwenye mlingoti wowote mrefu uliopo tayari, kama wa antena ya radio, kwa urefu uleule ambao mashine itakaa. Urefu ni muhimu: kutoka mita 10 kwenda mita 30 kwenye uwanda ulio wazi, upepo unaongezeka kwa 17 kwa mia hivi, na ule mchemraba unaigeuza hiyo kuwa nguvu ya mara moja na nusu na zaidi. Kati ya nyumba na miembe ni kinyume, upepo unavunjika na kupotea. Kipimo kidumu miezi 12, ili kiangazi na masika vyote viingie. Daftari la vipimo likae wazi kwa komini na kwa kamati ya wahami, si kwenye kompyuta ya muuzaji peke yake.

Kisha namba hizo, siyo 12, ziingizwe kwenye hesabu ya mashine. Mwenye mradi aonyeshe mambo matatu yaliyotoka: kilowati-saa za mwezi mbaya kuliko yote, saa ambazo mashine itasimama, na mzunguko wa rota siku ya dhoruba batri ikiwa imejaa. Aliyefanya hesabu kweli atayataja yote matatu papo hapo, bila kufungua begi. Gharama ya kupima ni ya anayeuza. Na kabla ya hapo, faranga za mchango zibaki mfukoni mwa mama aliyezitafuta.